Ndege ilipopotea mlituacha na tetesi: barua ya wazi kwa wakuu wa Jeshi la Marine la Marekani

Kwenu Mkuu wa Jeshi la Marine la Marekani, Mkuu wa Kituo cha Anga cha Beaufort, na Kamanda wa Kambi ya Pamoja ya Charleston.

Waheshimiwa,

Jumapili ya tarehe 17 Septemba 2023, kama saa saba na nusu mchana, mvua kubwa ikinyesha, rubani wenu alijifyatua kutoka kwenye ndege ya kivita ya F-35B akashuka kwa mwavuli mpaka uani kwa watu, North Charleston, jimbo la South Carolina. Ndege haikuanguka pale. Iliendelea na safari bila mtu kwa dakika 11 na sekunde 21, ikaenda kilomita kama 118 kuelekea kaskazini mashariki, ikaangukia msituni katika kaunti ya Williamsburg, upande wa Indiantown. Mabaki yake yalipatikana kesho yake, Jumatatu. Kati ya mchana ule na jioni ya pili, sisi tunaoishi chini ya njia za ndege zenu tuliachiwa matangazo mafupi ya mtandaoni: ndege inatafutwa, rubani yuko salama, mwenye taarifa apige simu kambini.

Nawaandikia kuhusu saa zile. Makosa ya angani yameshachunguzwa na ripoti imetoka, nami nitaigusa kidogo. Jambo langu ni lile la ardhini, ambalo sijaona mtu akiulizwa: mliwaambia nini wananchi, mliwaambia lini, na kwa nini kidogo vile.

Ninaishi North Charleston. Nimezaliwa Tanga, na huku tupo wazungumzaji wa Kiswahili wa kila namna: Watanzania, Wakenya, Wakongo wa Kivu, Warundi waliopitia kambi za Kigoma. Ujumbe wa kwanza wa sauti kuhusu ndege yenu ulinifikia kabla sijaliona tangazo lenu, na ulitoka Mombasa. Mjomba alikuwa ananiuliza kama ni kweli Wachina wameiteka ndege ya Marekani kwa kompyuta na kuitumbukiza baharini. Baada ya huo zikamiminika nyingine. Rubani ameasi. Ndege imeshushwa Cuba. Ndege ilibeba bomu la nyuklia na serikali inaficha. Wengine walisema hakuna ndege iliyopotea kabisa, ni kiini macho cha kuwatoa watu kwenye jambo jingine. Kila ujumbe ulikuwa na alama ya kusambazwa mara nyingi, na kila mmoja ulisemwa kwa sauti ya mtu mwenye uhakika.

Usiku ule jirani yangu, mama wa Kikongo aliyekimbia vita Uvira, alibisha hodi na simu yake mkononi. Habari za Wachina hakuziuliza. Aliuliza, "Dada, hiyo ndege ilikuwa na bomu? Kesho watoto waende masomo ao wabaki?" Nikafungua tangazo lenu nikamtafsiria sentensi moja moja. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akarudia swali lake lilelile, kwa sababu jibu lake halikuwamo. Watoto hawakwenda shule Jumatatu. Kwa mtu aliyewahi kulala kichakani akisikiliza ndege ya kijeshi ikizunguka, swali lile lilikuwa la msingi kuliko maswali yote, na lingejibiwa kwa sentensi moja.

Naamini wengi katika ofisi zenu walizitazama tetesi zile kama upuuzi wa mitandao, kitu cha kusubiri kipite. Mimi nazitazama kwa njia nyingine. Ukizipanga zote, unaona kuwa kila moja ilikuwa inajibu swali ambalo ninyi mliliacha wazi. Kwa nini hamuioni kwenye rada? Watu wakajijibu: imetekwa. Kwa nini rubani aruke na ndege iendelee kuruka? Wakajijibu: ameasi, au ameipeleka mahali. Kwa nini jeshi lenye mitambo yote hii linawaomba wananchi msaada? Wakajijibu: linaficha. Sisi tumelelewa na methali isemayo lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mtu aliyelelewa hivyo hasubiri siku mbili msemaji wa jeshi apate kibali cha kuzungumza. Anachukua neno lililopo.

Hata mbunge wa eneo hili, Bi Nancy Mace, aliuliza hadharani inakuwaje F-35 ipotee, na inakuwaje isiwe na kifaa cha kuifuatilia hadi wananchi waombwe waitafute. Kama mbunge wa Charleston hakuwa na jibu, mfanyakazi wa zamu ya usiku angelitoa wapi?

Tena tetesi hazikuota mahali patupu. Angalieni ardhi zilikoota.

Miezi saba kabla ya hapo, tarehe 4 Februari 2023, puto la Kichina lililokuwa limevuka nchi nzima kutokea Montana lilitunguliwa na ndege ya F-22 kwenye pwani hiihii ya South Carolina, karibu na Myrtle Beach. Watu walisimama ufukweni wakatazama juu kwa macho yao. Kwa siku kadhaa kabla ya hapo puto lilikuwa likipita juu ya majimbo mchana kweupe na maelezo yakija kwa matone. Sasa mwaka huohuo, pwani ileile, ndege ya siri inatoweka, halafu mtu wa kwanza kusema "Wachina" anaonekana mwendawazimu? Alikuwa anakumbuka tu.

Na wazee wa hapa wana kumbukumbu ndefu zaidi. Kaunti ya Florence inapakana na Williamsburg. Huko, mahali paitwapo Mars Bluff, tarehe 11 Machi 1958 ndege ya mabomu ya B-47 iliangusha bomu la nyuklia kwa bahati mbaya. Kiini cha nyuklia hakikuwamo ndani yake, lakini baruti zake za kawaida zililipuka, zikachimba shimo la upana wa mita 21 hivi, zikabomoa nyumba ya familia moja na kujeruhi watu 6, wakiwemo watoto waliokuwa wakicheza nje. Mwezi mmoja kabla ya tukio hilo, Februari 1958, B-47 nyingine iligongana angani na ndege ndogo ya kivita, ikalazimika kutupa bomu lake baharini karibu na kisiwa cha Tybee, Georgia, si mbali na Beaufort yenu. Bomu lile halijapatikana mpaka leo. Kwa hiyo mkazi wa maeneo haya anapouliza kama kitu kilichopotea angani kilibeba bomu, anauliza jambo ambalo limekwisha kutokea kwa jirani zake. Tangazo linalonyamaza kuhusu silaha, katika kaunti hizi, linasomwa kama tangazo linaloficha silaha. Ofisi zenu za habari zilipaswa kulijua hilo kuliko mimi niliyekuja juzi.

Sasa nije kwenye ripoti mliyoitoa tarehe 31 Oktoba 2024, zaidi ya mwaka mmoja baada ya tukio. Nimeisikiliza na kuisoma kadiri nilivyoweza, na nasema kwa dhati kwamba imeandikwa kwa uwazi. Inasema kulitokea hitilafu ya umeme ndege ikiwa angani. Redio zote mbili kuu zikakatika, vifaa vya kuongozea safari na kutua vikakatika, na transponda, kile kifaa kinachoijibu rada na kusema mimi ni fulani niko hapa, nacho kikakatika. Picha za ndani ya kofia ya rubani na skrini kubwa ya mbele yake huenda zilizimika angalau mara tatu. Yote hayo ndani ya mawingu na mvua kubwa, karibu na ardhi, ndege ikiwa imeshajigeuza kwa ajili ya kutua polepole na sasa inajirudisha kwenye mwendo wa kawaida. Rubani akachanganyikiwa, akaamini ndege haitawaliki tena, akajifyatua. Uchunguzi ukaona kuwa ndege ilikuwa bado inaweza kuruka. Ripoti hiyohiyo ikakiri kwamba kitabu chenu cha maelekezo ya F-35B kinaeleza hali ya "ndege kutotawalika" kwa upana mno, na kwamba upana huo ulichangia.

Na kwa nini ndege iliruka peke yake muda wote ule? Kwa sababu kompyuta zake za kuitawala ndizo zinazoiweka sawa angani kila wakati, mtu awemo asiwemo. Kwa nini haikuonekana? Transponda ilikufa, umbo na rangi yake vimetengenezwa kuikwepa rada, na mwishowe ilishuka chini ya kimo ambacho rada za waongozaji wa ndege zinaweza kukifikia. Basi. Hakuna Mchina, hakuna Cuba, hakuna uasi.

Nilipomsomea jirani yangu maelezo hayo kwa Kiswahili, alielewa yote kwa mara moja. Dakika tano hazikuisha. Ndipo nilipokasirika, kwa sababu sehemu kubwa ya maelezo hayo haikuhitaji miezi 13. Siku ileile ya pili, msemaji wa kambi aliwaambia waandishi wa habari kuwa transponda haikuwa inafanya kazi na kwamba ndege ya aina ile ni ngumu kuonekana kwenye rada. Maneno hayo mawili yangeweza kuwa katika tangazo la kwanza la Jumapili jioni. Yangeondoa nusu ya tetesi kabla hazijavuka bahari. Badala yake yalitoka kidogokidogo, kwa mwandishi huyu na yule, wakati kila mtu alikuwa ameshachagua hadithi yake.

Si mara ya kwanza ndege kuendelea kuruka baada ya rubani kuiacha. Februari 1970 huko Montana rubani wa F-106 alijifyatua ndege ikiwa inazunguka bila kutawalika, na alipoondoka tu ikajinyoosha, ikashuka yenyewe ikatua kwa tumbo kwenye shamba lenye theluji, injini bado inanguruma. Ilitengenezwa ikarudi kazini, na leo iko katika makumbusho ya Jeshi la Anga huko Dayton, Ohio. Marubani wote wanaijua habari hiyo. Wananchi wengi hawaijui. Afisa mmoja mwenye subira angekaa redioni Jumapili jioni, akaisimulia, akasema "jambo hili limewahi kutokea, hivi ndivyo linavyotokea", watu wangelala.

Lakini kuna tukio jingine ambalo ningependa mlikumbuke zaidi ya hilo la Montana, kwa sababu liliishia vibaya. Tarehe 4 Julai 1989 rubani wa Kisovieti aliruka na MiG-23 kutoka uwanja ulio karibu na Kołobrzeg, Poland. Injini ikampungukia nguvu mara baada ya kuondoka, akadhani imezimika, akajifyatua chini kabisa. Injini ikashika tena. Ndege ikapanda, ikavuka Ujerumani Mashariki, ikaingia Ujerumani Magharibi, ikapita Uholanzi, ikifuatwa na ndege za F-15 za Marekani zilizotoka Soesterberg. Marubani wa F-15 waliona wazi kuwa hakuna mtu ndani. Baada ya kilomita zaidi ya 900 mafuta yakaisha, ikaanguka juu ya nyumba karibu na Kortrijk, Ubelgiji. Kijana wa miaka 18 aliyekuwamo nyumbani alifariki.

Waziri wa Mambo ya Nje wa Ubelgiji, Mark Eyskens, alilalamika nini? Alilalamika kwamba tangu ndege ile ionekane kwenye rada za NATO hadi ilipoanguka, zaidi ya saa nzima, Wasovieti hawakutoa neno lolote la tahadhari. Na kwamba walichelewa sana kusema kama ilibeba silaha za nyuklia au za sumu. Someni malalamiko hayo polepole, waheshimiwa. Nchi za Magharibi ziliyatoa dhidi ya Moscow, na zilikuwa na haki. Jirani yangu wa Uvira aliuliza swali lilelile la Wabelgiji, miaka 34 baadaye, na safari hii wa kujibu mlikuwa ninyi.

Tofauti ya Kortrijk na Williamsburg ni nyumba moja. Ndege yenu iliangukia miti. Ingetangulia kushuka kidogo, au kupinda kidogo, njia yake ina miji, makanisa, mashule, watu wanaotoka ibadani Jumapili mchana. Mkazi mmoja mwenye umri mkubwa wa Williamsburg aliwaeleza waandishi kwamba alisikia sauti kali ya ajabu ikipita juu ya nyumba yake siku ile, sauti ambayo hakuwahi kuisikia. Wakati huohuo ninyi mlikuwa mnaelekeza macho kwenye maziwa ya Moultrie na Marion, kulingana na mahali ndege ilipoonekana mara ya mwisho. Siwalaumu kwa kuanzia pale, mlifuata mlichokuwa nacho. Nalaumu kwamba hamkuuliza wengine kwa namna ya kueleweka. "Mwenye taarifa apige simu" ni ombi la mtu asiyejua anatafuta nini. Mngesema: ndege inaweza kuwa imeruka kwa dakika kadhaa baada ya rubani kutoka, inaweza kuwa mbali, hatujui upande, kama ulisikia mlio mkali kati ya saa saba na nusu na saa nane mchana popote kati ya Charleston na Florence tuambie. Mngelisema kwenye redio za kaunti, kwa wakuu wa polisi wa kaunti, kwa wachungaji ambao Jumapili jioni wana waumini mbele yao. Mwenye masikio angejua kuwa alichosikia ndicho.

Mfano mzuri kuliko wote wa namna ya kusema mliupata siku ileile, na ulitoka kwa rubani wenu mwenyewe.

Rekodi ya simu ya dharura ilitolewa siku chache baadaye na dunia nzima ikaisikia. Mwenye nyumba anapiga simu kwanza, kwa utulivu wa kushangaza, anaeleza kuwa rubani yuko nyumbani kwake na kwamba ameshukia uani. Mpokeaji simu anapata shida kuelewa, anauliza mambo ya kawaida yanayoulizwa mtu akianguka: ameanguka kutoka kimo gani, anatokwa damu? Kisha rubani anachukua simu. Anasema yeye ni rubani wa ndege ya kijeshi, amejifyatua, ameshuka kwa mwavuli, mgongo unamuuma, anaomba gari la wagonjwa. Na anasema hajui ndege iko wapi, ila itakuwa imeanguka mahali, watu wa uokoaji waanze kwenda. Huyo ni mtu aliyetoka kurushwa na roketi kutoka ndani ya ndege dakika chache zilizopita. Yuko katika nyumba ya mtu asiyemjua, amelowa, ana maumivu, kazi yake yote imetikisika. Bado aligawa maneno yake vizuri: hiki nakijua, hiki sikijui, hiki kifanyike sasa.

Taasisi nzima, yenye majenerali na wasemaji na wanasheria, haikufikia kiwango hicho kwa siku nzima iliyofuata.

Najua mtanijibu kuhusu siri. Nakubali kuna mambo ambayo adui hapaswi kuyasikia, na F-35 imejaa mambo hayo. Nakubali pia kwamba uchunguzi wa usalama wa anga hufanywa faraghani kwa makusudi, ili mashahidi waseme kweli bila kuogopa adhabu, na kwamba ule uchunguzi mwingine wa kiutawala, ambao matokeo yake hutolewa hadharani, unachukua muda. Lakini mambo ya kuambiwa umma saa za mwanzo hayamo katika boksi hilo. Kwamba kulikuwa na silaha au hakukuwa na silaha. Kwamba mabaki ya ndege iliyoungua hutoa nyuzi nyembamba za kaboni ambazo si za kuvutwa puani, mtu asisogee. Kwamba ndani yake kuna vilipuzi vidogo vya vifaa vya dharura, mtoto asiokote kitu. Kwamba transponda imezimika. Adui gani angefaidika kwa kujua hayo? Mkulima wa Indiantown angefaidika sana.

Na msiniambie kwamba hamkuliona tukio lile kuwa zito. Jumatatu ileile Jenerali Eric Smith, aliyekuwa akikaimu ukuu wa Marine, aliamuru vikosi vyote vya anga visimame kwa siku mbili kupitia upya mambo ya usalama. Lilikuwa tukio la tatu kubwa ndani ya wiki sita. Agosti rubani mmoja alifariki kwenye F/A-18 karibu na San Diego, na siku chache baadaye wanajeshi watatu wakafariki ndege ya Osprey ilipoanguka Australia. Ndani ya jeshi mlijua kuwa kuna la kuzungumzwa, mkakaa chini mkazungumza. Nje ya ukuta mliacha watu wabahatishe.

Kubahatisha huko kulimuumiza na rubani. Kabla hajatoka hospitali alishaitwa mwoga, msaliti, mlevi. Watu waliotengeneza picha za kuchekesha za "ndege imepotea" hawakujua chochote kuhusu skrini zilizozimika ndani ya mawingu, na hawakujua kwa sababu hakuna aliyewaambia. Mwaka uliofuata mlimpa ukamanda wa kikosi cha majaribio huko Yuma, Arizona, kisha baada ya miezi michache mkamwondoa, na katika mwezi huohuo wa Oktoba ripoti ikatoka. Uamuzi huo ni wenu na mna sheria zenu. Mimi naona tu kwamba kwa mwaka mzima na zaidi mtu huyu alibebeshwa hadithi za watu wote, na taasisi iliyokuwa na maelezo kuhusu hitilafu ya umeme na udhaifu wa kitabu chake yenyewe haikusimama kuyasema mapema, hata kwa muhtasari.

Ninachoomba kinatekelezeka bila dola moja ya ziada. Ndege yenu ikipata ajali nje ya uzio wa kambi, tangazo litoke ndani ya saa mbili, likiwa na sehemu tatu zinazosomeka wazi: tunachojua, tusichojua, na tusichoruhusiwa kusema. Hiyo ya tatu ndiyo muhimu kuliko mnavyofikiri, kwa sababu mtu akiambiwa "hili hatuwezi kulisema" anaelewa, akinyamaziwa anajaza mwenyewe. Swali la silaha lijibiwe katika tangazo la kwanza, siku zote, bila kusubiri kuulizwa. Kisha tangazo lirudiwe kila baada ya saa chache hata kama hakuna jipya, maana "bado tunatafuta, hakuna mabadiliko" nayo ni habari. Lisomwe na mtu mwenye jina na cheo, kwa sauti, redioni, asikike anapumua. Litafsiriwe. Kihispania ni lazima, na mashirika yanayowapokea wakimbizi katika jimbo hili yana wakalimani wa Kiswahili, Kiarabu na lugha nyingine ambao wangeifanya kazi hiyo kwa nusu saa. Uchunguzi ukikamilika, kabla ripoti haijapelekwa kwa waandishi wa habari wa Washington, afisa aje kuisoma katika ukumbi wa kaunti ambako ndege iliangukia, akae, aulizwe.

Naomba mnijibu kwa maandishi, mkielekeza jibu kwa wakazi wa kaunti za Charleston, Berkeley na Williamsburg, mseme ni yapi kati ya haya mmeshayaingiza katika maelekezo yenu tangu Septemba 2023 na yapi mmeyakataa na kwa sababu gani. Kama kuna maelekezo ya ndani yanayomzuia msemaji wa kambi kusema neno kuhusu silaha au transponda saa za mwanzo, naomba yatolewe hadharani tuyasome. Nitayatafsiri mwenyewe.

Wenu,
mkazi wa North Charleston, South Carolina